Cool Hand Luke ya 1967: maswali mnayouliza kila siku kuhusu mfungwa aliyekataa kukaa chini

Hii muvi nimeiangalia mara nyingi kuliko muvi nyingine yoyote, na kila ninayempa aiangalie anarudi na maswali yaleyale, kwahiyo nimeona niyajibu yote hapa kwa pamoja. Mwisho wake nimeuweka huku chini ila hata huku juu kuna vitu vinaponyoka, sasa kama unataka uione bila kuhadithiwa kaiangalie kwanza, ni masaa mawili na dakika chache, alafu urudi.

Inahusu nini hasa?

Inahusu jamaa mmoja anaitwa Lucas Jackson, wenzake wanamuita Luke, anafungwa kwenye kambi ya wafungwa wa barabarani kule Florida, kusini mwa Marekani, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Kazi yao ni kufyeka majani pembeni ya barabara, kuchimba mitaro na kumwaga lami juani, askari wamesimama na bunduki. Kambi ina sheria za kila kitu, sheria ya kijiko, sheria ya shuka, sheria ya wapi uvutie sigara, na ukikosea unalala usiku kwenye kile kisanduku, kachumba ka mbao kama choo cha shimo, hulali ukajinyoosha. Luke haji pale na mpango wowote. Hana genge, hana kisasi, hana siasa. Ila mtu akimwambia hiki hakiwezekani, kitu ndani yake kinagoma, na hiyo tu ndo muvi nzima.

Aliyeigiza Luke ni Paul Newman, aliyeongoza ni Stuart Rosenberg, na yule jitu refu anayeitwa Dragline, mfalme wa wafungwa kabla Luke hajafika, ni George Kennedy.

Alifungwa kwa kosa gani?

Alikata vichwa vya mita za parking. Usiku, amelewa, yuko peke yake mtaani na kifaa cha kukatia mabomba, anakata moja inaanguka, anahamia nyingine. Polisi wanapofika hakimbii, amekaa chini na chupa yake anacheka. Akapewa miaka miwili kwa kuharibu mali ya manispaa.

Watu wengi wanaipita hii sehemu haraka kwasababu ndo mwanzo na bado hawajakaa vizuri, ila ebu iangalie tena. Hakuiba zile hela za kwenye mita. Kapteni wa kambi anapolisoma faili lake anashangaa kwamba huyu mtu alikuwa vitani, ana medali za ushujaa, alipanda cheo, na bado akatoka jeshini akiwa askari wa kawaida kabisa kama alivyoingia. Anaulizwa, anajibu kwamba alikuwa anapitisha muda tu. Pale umeshaambiwa kila kitu kuhusu Luke: anaweza kufanya makubwa kuliko wote na hajui ayafanyie nini.

Kwanini anaitwa Cool Hand?

Inatoka kwenye karata. Kwenye poka zile karata ulizoshika zinaitwa mkono wako. Kuna usiku wanacheza, Luke anaongeza dau, anaongeza tena, sura yake haioneshi kitu, mwenzake mwenye karata nzuri anaogopa anatupa za kwake. Dragline anazifunua za Luke anakuta hamna kitu, takataka tupu. Akacheka mpaka basi, akamwambia yule aliyeliwa kwamba umepigwa na mtu asiye na chochote, kama mimi leo alivyokuwa ananirudia bila chochote. Luke akasema kuna wakati kutokuwa na kitu nako ni mkono mtulivu. Jina likamganda palepale.

Hiyo "leo" anayoisema Dragline ni ile ngumi ya mchana. Dragline ni mkubwa mara mbili, anampiga Luke anaanguka, Luke anainuka, anapigwa anaanguka, anainuka. Mwanzoni wafungwa wanashangilia, baadaye kelele zinapungua, wengine wanaondoka hawataki kuona. Dragline mwenyewe anambembeleza, kaa chini, umeshapigwa. Luke anamjibu itabidi uniue. Mwisho mshindi ndo anageuka anaondoka, na aliyeshindwa amebaki amesimama, anayumba, ngumi juu. Kwangu mimi ile ndo ngumi bora kuliko zote nilizowahi kuona kwenye muvi na hakuna pigo hata moja la maana ambalo Luke anampata mwenzake.

Ni kisa cha kweli?

Luke mwenyewe ni wa kutungwa, ila kambi ni ya kweli. Kitabu kilichozaa hii muvi kilitoka 1965, aliyekiandika ni Donn Pearce, ambaye alikuwa baharia, akaingia kwenye wizi wa kuvunja kabati za hela, akakamatwa na akatumikia kifungo cha miaka miwili kule Florida kwenye genge la barabarani. Kwahiyo zile sheria, lile jua, ule utaratibu wa kuomba ruhusa hata ya kufuta jasho, vinatoka kwa mtu aliyeviishi. Muvi aliiandika yeye pamoja na Frank Pierson, na ukiwa makini utamuona Pearce humohumo ndani kama mmoja wa wafungwa.

Muvi yenyewe ilipigwa California, maeneo ya Stockton, sio Florida. Walituma watu wakapiga picha na kupima kambi ya kweli ya Florida, wakarudi wakaijenga upya, mpaka ile mimea inayoning'inia kwenye miti ya kusini waliisafirisha kutoka Louisiana. Aliyepiga picha ni Conrad Hall, na jua la kwenye ile muvi ni kazi ya mkono wake, utaona linavyogonga kwenye lenzi na jasho la watu linavyong'aa, unaweza ukahisi kiu.

Hiyo habari ya wafungwa wa minyororo ilianzaje kule?

Hapa nitakaa kidogo maana ndo mzizi wa yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilipoisha 1865 utumwa ukapigwa marufuku kwenye katiba, ila yale marekebisho ya 13 ya katiba yakaacha mwanya, kwamba kazi ya kulazimishwa hairuhusiwi isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyehukumiwa. Majimbo ya kusini yakaingia kwenye mwanya huo. Watu, hasa weusi, wakawa wanakamatwa kwa vikosa vya ajabu kama kuzurura bila kazi, wanahukumiwa, alafu serikali inawakodisha kwa wenye mashamba, migodi, reli na makampuni ya mbao. Mwenye shamba halipi mshahara, analipa serikali. Na mtu akifa analetewa mwingine.

Florida iliacha ule ukodishaji 1923, na iliacha baada ya kijana mmoja mzungu wa miaka 22 kutoka North Dakota, Martin Tabert, kukamatwa kwa kupanda treni bila tiketi na kuchapwa mpaka akafa kwenye kambi ya mbao mwaka wa nyuma yake. Weusi walikuwa wamekufa hivyohivyo kwa miaka na miaka na hakuna aliyebadilisha sheria, hilo nalisema wazi kwasababu linaniuma kila nikilisoma. Baada ya hapo wafungwa wakabaki wa serikali yenyewe, na kwakuwa magari yalikuwa yanaongezeka na barabara zinahitajika, wakapelekwa barabarani. Ndo hizo kambi kama ya Luke.

Sisi huku tusiione kama habari ya mbali sana. Zipo picha za zamani za enzi za Mjerumani, Dar es Salaam na bara, wafungwa wameunganishwa kwa mnyororo mmoja shingoni wanafanya kazi za mji, na bibi zetu walikuwa bado wanalitaja neno hamsa ishirini kwa uoga, vile viboko 25. Ukishaziona zile picha alafu ukaangalia Kapteni anavyomfungia Luke chuma miguuni, huangalii tena muvi ya kigeni.

Mbona wafungwa wote ni wazungu?

Kwasababu enzi hizo kusini mwa Marekani hata jela zilitenganishwa kwa rangi, kambi ya wazungu peke yao, ya weusi peke yao. Kwahiyo kwa upande huo muvi haidanganyi. Ila ni haki mtu akisema kwamba waliobeba huu mzigo kwa wingi na kwa muda mrefu walikuwa watu weusi, na mtu akiangalia hii muvi tu anaweza kutoka akidhani ni mateso ya wazungu. Mimi naikubali hiyo lawama na bado naipenda muvi. Angalia pia nani wanamsaidia Luke akiwa mbioni na minyororo miguuni: ni watoto wawili weusi, wanamletea shoka, na wanamuuliza maswali kama watoto. Ni dakika chache tu, ila hao watoto hawashangai kabisa kumuona mtu mwenye minyororo uani kwao.

Alikula kweli mayai 50?

Kwenye stori ndio, ndani ya saa moja. Muigizaji mwenyewe hakuyala yote, ni ufundi wa kukata na kuunganisha picha. Fikiria mayai 50, yaani trei nzima na mengine 20 juu yake, yamechemshwa yakakauka, yameshamenywa. Ilianza kama utani, Luke anasema tu kwamba anaweza kula mayai 50, Dragline kwa sifa anaanza kupokea dau, na mpaka linafika hapo kambi nzima imeweka hela yake yote.

Ninachokipenda ni jinsi wanavyomuandaa, utafikiri bondia. Wanamnyoosha, wanamkanda tumbo, Dragline anamlisha, anamshika taya kumsaidia kutafuna. Tumbo linamjaa mpaka linapigwa linatoa mlio kama ngoma. Kwenye yale ya mwisho hatafuni tena, anasukumiwa. Anashinda, watu wanashangilia, wanagawana hela, wanaondoka wote. Na yeye anabaki amelala juu ya meza peke yake, mikono imetanuliwa huku na huku, miguu imepishana, maganda ya mayai yamemzunguka. Kamera inamuangalia kutoka juu, kimya. Tunacheka sana mule ndani, ila angalia kwamba hakuna aliyebaki kumpa hata maji.

Yule mama wa kwenye pikapu ni nani?

Ni mama yake, Arletta, na anaonekana mara moja tu kwenye muvi nzima. Amelazwa nyuma ya pikapu kwasababu anaumwa sana, hawezi kukaa, anakohoa na bado anavuta sigara. Wanaongea pale getini, askari wako pembeni, na hawaongei kama mama na mwana wa kwenye muvi, wanaongea kama marafiki wawili wa siku nyingi ambao wote wanajua kwamba hawataonana tena. Anamwambia nyumba anamuachia ndugu yake, kwakuwa huyo ndugu mama hakuwahi kumpenda kama alivyompenda Luke, anataka kumlipa. Kauli kama hiyo anaitoa mama akiwa anakufa, na mtoto anaichukua bila kulia.

Aliyecheza ni Jo Van Fleet, na kwa umri wa kweli alimzidi Newman miaka kama kumi tu. Hutoamini ukimuona.

Taarifa ya msiba inakuja kwa telegramu. Wafungwa wanampisha, hakuna anayesema kitu, kila mtu anatafuta cha kufanya. Luke anachukua banjo anakaa kitandani anaimba wimbo wa utani kuhusu Yesu wa plastiki wa kubandika kwenye gari, anaanza polepole, machozi yanatoka, alafu anaongeza kasi. Mimi nimeshazika, najua kwamba mtu anashika chochote kilicho karibu.

Kwanini hakutulia tu amalize miaka yake miwili?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wengi wanaouliza wameshakasirika, wanasema sikio la kufa halisikii dawa.

Jibu langu ni kwamba alikuwa ametulia. Fuatilia vizuri: mpaka mama yake anafariki Luke hajatoroka hata mara moja. Anacheza, anabisha, anawachangamsha wenzake. Ile siku ya lami ndo alikuwa kwenye kilele, bosi anataka waende taratibu wateseke siku nzima na yeye anaanza kutupa mchanga kwa kasi, wenzake wanamfuata, beleshi zinaruka, wanawakimbiza mpaka wenye gari la lami, wanamaliza barabara jua bado lipo masaa mawili, na askari hawajui wafanye nini na wafungwa wenye furaha. Hajavunja sheria hata moja pale.

Alafu mama anakufa, na Kapteni anaamua kwamba mtu aliyefiwa anaweza kukimbilia msibani, kwahiyo anamfungia kwenye kisanduku mpaka mazishi yaishe. Hajafanya kosa lolote. Askari anayemfungia anaona aibu, anamwambia samahani Luke, natimiza kazi yangu tu. Luke anamjibu kwamba kuiita kazi yako hakuifanyi iwe haki. Baada ya hapo ndo anaanza kutoroka, na hatoacha tena. Kwahiyo anayesema Luke alijitakia namuomba arudi pale kwenye mlango wa kisanduku aangalie nani alianza.

Anatoroka mara ngapi?

Mara tatu. Ya kwanza ni usiku wa sikukuu yao ya uhuru, 4 Julai, wenzake wanapiga kelele na kucheza huku yeye anakata sakafu ya mbao. Mbwa wanamkimbiza mpaka mbwa mmoja anaitwa Blue anakufa kwa kukimbia. Anarudishwa, anafungwa mnyororo. Ya pili anaomba ruhusa ya kujisaidia kichakani, amefunga kamba kwenye tawi anaitikisa kwa mbali ili askari adhani bado yupo, na baadaye anamwaga pilipili ili mbwa washindwe kunusa. Anarudishwa, minyororo inakuwa miwili, na anaambiwa mara nyingine hatorudishwa akiwa hai. Ya tatu anaondoka na gari lao lenyewe, na Dragline anarukia nyuma bila kufikiri.

Yale maneno maarufu ya Kapteni yanamaanisha nini?

Kapteni ameigizwa na Strother Martin, mtu mfupi, sauti nyembamba ya kubembeleza kama mhubiri wa kijijini. Anamfungia Luke mnyororo huku anamwambia utazoea, na hii milio yake itakukumbusha ninayokwambia, ni kwa faida yako. Luke anamwambia natamani ungeacha kuwa mwema kwangu kiasi hiki, Kapteni. Sura ya wema inadondoka palepale, anampiga na rungu, Luke anabingirika chini mtaroni. Alafu Kapteni anatengeneza shati, anashusha pumzi, anawageukia wafungwa wengine na kusema kwa sauti ya upole kwamba tulichonacho hapa ni kushindwa kuelewana.

Mwaka 2005 American Film Institute walipopanga maneno 100 maarufu ya muvi za Kimarekani haya yalishika namba 11. Nguvu yake ni kwamba ameshampiga mtu na rungu alafu anaongea kama kulikuwa na mazungumzo. Mtu yeyote aliyewahi kuitwa kwenye ofisi ya mkubwa akaambiwa "tuelewane" wakati uamuzi umeshatoka anaijua hiyo sauti.

Yule askari wa miwani nyeusi mbona haongei?

Ni Bosi Godfrey, wafungwa wanamuita mtu asiye na macho, na muvi nzima hatamki neno. Miwani yake ni ya kioo, ukimuangalia unajiona mwenyewe. Kuna siku anampiga ndege risasi moja, mfungwa mmoja anauliza hivi huyu haongeagi, mwenzake anamwambia nadhani ndo ameongea sasa hivi. Aliyecheza ni Morgan Woodward na kazi yake ni kusimama tu, lakini ukifumba macho baada ya muvi ni yeye unayemuona.

Na ile sahani ya wali?

Nashukuru mkiuliza hii maana wengi hawaulizi. Luke akiwa ametoka kwenye kisanduku, dhaifu, nyapara na askari wanamjazia sahani mlima wa wali, na sheria inasema lazima umalize ulichopewa, usipomaliza unarudi kisandukuni. Hawezi. Anakaa mbele ya ile sahani anaiangalia tu. Alafu mmoja anapita na kijiko anachota, mwingine anapita anachota, wanapita kimyakimya mmoja mmoja mpaka sahani inaisha.

Sasa ikumbuke meza ya mayai. Pale yeye alikula kwa ajili yao, hapa wao wanakula kwa ajili yake. Na katikati ya hayo mawili kuna kitu Luke mwenyewe alikisema. Akiwa mbioni mara ya pili alituma picha, amekaa na wanawake wawili, suti, vinywaji mezani, wenzake wakawa wanaigombania, wanaihadithia usiku kama maandiko. Anaporudishwa amevimba uso wanamzunguka, tuambie Luke, tuhadithie. Anawapigia kelele kwamba picha ni ya uongo, aliilipia tu, na akawaambia waache kula kupitia yeye, mwenye kutaka atoke mwenyewe. Mimi naamini hii ndo roho ya muvi kuliko hata maneno ya Kapteni. Askari walimuumiza mwili, ila wenzake waliompenda walimgeuza chakula, kila siku walitaka ashinde kwa niaba yao, na siku aliyovunjika wakamgeuzia mgongo.

Maana alivunjika. Wanamchimbisha shimo uani, bosi mmoja anakuja anauliza mchanga wako unafanya nini uani, Luke anapigwa, anafukia, wa pili anakuja anauliza mbona shimo lake limefukiwa, anapigwa, anachimba tena, mpaka usiku. Mwisho anashika miguu ya askari anaomba kwa jina la Mungu wasimpige tena. Akili imekaa sawa Luke? Imekaa sawa bosi. Dirishani wenzake wanaangalia, na mmoja anaichana ile picha. Anapoingia bwenini anadondoka sakafuni na hakuna anayemshika mkono, anawaita, mko wapi, mko wapi sasa? Mimi hapo ndo nalia, sio mwishoni.

Ni kweli Luke ni mfano wa Yesu?

Dalili zipo nyingi mno kuwa bahati mbaya. Amelala kama msalabani juu ya meza. Namba yake ya jela ni 37, na Luka 1:37 inasema "kwa kuwa hakuna neno lisilowezekana kwa Mungu." Usiku wa mwisho anaingia kanisani peke yake anaongea na Mungu, anamwita mzee, anamwambia wewe ndo umeniumba hivi, sasa unataka niishie wapi? Anayekuja kumwambia ajisalimishe ni rafiki yake wa karibu kuliko wote, ameshakuja na polisi. Ila Luke haamini, kwenye mvua aliwahi kumpigia Mungu kelele amuoneshe dalili, ampende au amuue, akasubiri, akasema basi nimesimama kwenye mvua naongea peke yangu. Kwahiyo ni mtu anayebeba msalaba ambao haamini kama upo. Waumini wengine wanakwazika, mimi ni muumini na sijakwazika.

Stelingi anakufa kweli?

Ndio. Nilipoiona mara ya kwanza tulikuwa kwa mjomba, mkanda wa VHS, sebule imejaa watoto wa jirani, na sisi wote tulikuwa tumekulia kwenye ile imani kwamba stelingi hafi. Luke anasimama kwenye dirisha la kanisa, anatabasamu, anayarudia maneno ya Kapteni kwamba tulichonacho hapa ni kushindwa kuelewana, risasi moja, shingoni. Ni Godfrey. Tukamwambia mjomba arudishe nyuma, tukidhani kuna sehemu mkanda umekatika. Akarudisha. Akafa tena.

Na kinachouma zaidi ni kwamba yuko hai wanapompakia kwenye gari. Polisi wa pale anasema hospitali ya karibu, Kapteni anakataa, huyu ni wetu, tunampeleka ya jela, huko mbali. Kila mtu pale anaelewa maana yake. Dragline anamrukia Godfrey anamkaba, miwani inadondoka, na gari linapoondoka tairi linaikanyaga.

Ilipata tuzo?

George Kennedy alipata Oscar ya muigizaji msaidizi. Newman alitajwa kugombea akakosa, muvi ikatajwa pia kwa uandishi na kwa muziki. Muziki ni wa Lalo Schifrin, Muargentina yuleyule wa Mission: Impossible, na ule muziki wa siku ya lami ulikuja kutumika kwenye taarifa za habari za televisheni Marekani kwa miaka mingi. Mwaka 2005 muvi iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya muvi za kuhifadhiwa.

Kiingereza chake ni kigumu, na watoto waangalie?

Ni kigumu kweli, lafudhi ya kusini, wanameza maneno, washa maandishi ya chini bila aibu. Watoto wadogo hapana, kuna kipigo na kuna ile sehemu ya binti anaosha gari makusudi mbele ya wafungwa. Kuanzia kidato cha tatu, cha nne hivi kaa nao mwangalie pamoja.

Ile picha ya mwisho inamaanisha nini?

Mwisho Dragline, sasa na yeye ana minyororo miguuni, anawasimulia wenzake kazini. Wanamuuliza alikuwaje dakika za mwisho, anawaambia alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la Luke, mpaka mwisho. Wanasogea kusikiliza, mafyekeo mkononi. Kamera inapanda juu mpaka unaona njia panda, barabara mbili zimekatana kama msalaba, wafungwa wadogo kama sisimizi pembeni yake, na juu ya hapo inatokea ile picha ya suti na wanawake wawili. Ya uongo ileile, aliyosema mwenyewe kwamba ni ya uongo, waliyoichana usiku ule. Sasa vipande vimerudishwa pamoja vimebandikwa kwa gundi ya karatasi, mistari ya kuchanika inaonekana, na Luke yuko katikati anacheka.